Ubao wa Sumu kwenye Ua wa Minyaa

Jumatano, 7 Februari

Mwalimu Edina kapita. Jumamosi analeta wanafunzi hapa Zuzu kutazama wadudu na mimea pori kwenye ua wa minyaa. Upande wenye viumbe wengi, mwenye upande huo ndiye atakayewaongoza. Wadudu nimejisomea miaka; nafasi ni yangu. Shida: upande mmoja wangu, wa pili wa jirani Respicius, na viwavi wanene wenye pembe mkiani wote wako kwake, kwenye mlenda pori. Anawaita minyoo. Nimeshtuka.

Alhamisi, 8 Februari

Alfajiri, mvua ikinyesha, nimepenya ua na kuhamishia kwangu mlenda na viwavi wake. Wamepokea uhamisho vizuri kuliko watumishi wengi. Kisha nikafikicha jicho kwa mkono wenye utomvu wa minyaa. Limevimba, halifunguki. Respicius kauliza nani kanipiga. Nikasema upepo. Kasema pole jirani, upepo huo una ngumi.

Mchana wamekuja akina mama na vikapu kuchuma mboga. Nimepigilia ubao: SUMU. USICHUME. Wamegeuza wote.

Ijumaa, 9 Februari

Mama mkwe yupo, katoka Buigiri. Kwetu mwanamume hali na mama mkwe wala hasemi naye ana kwa ana, hivyo nimekula nje peke yangu. Ugali wa uwele, mlenda. Mtamu, nikaomba nyongeza. Ndipo nikamsikia ndani akimwuliza mke wangu Anna, ule ubao unasemaje, maana yeye kusoma hajui, na mlenda aliouchuma pale ni laini kweli. Viwavi? Kawakung'utia kuku.

Nimerudisha tonge sahanini.

Anna katoka, kauliza ni sumu kweli. Nikikataa, mama mkwe atajua binti yake kaolewa na mwongo, tena mwizi wa mboga. Nikasema: kidogo tu.

Jumamosi, 10 Februari

Kutwa zahanati, nyumba nzima. Mama mkwe analia kamaliza ukoo, nami kumbembeleza siruhusiwi. Mganga hakuona kitu ila jicho langu.

Tumerudi, tumemkuta Respicius anawaaga wanafunzi. Viwavi hana, kwa hiyo kawaonyesha kuku wangu, nani anamla nani. Mwalimu Edina kasema hajasikia maelezo mazuri namna ile. Kuku wangu!

Jumapili, 11 Februari

Wanafunzi watarudi mwisho wa mwezi. Kanisani nimetafakari, kosa nimeliona: ubao ulikuwa na maneno matupu. Nimechora na fuvu.

Kesho alfajiri nahamisha mzinga wa nyuki wa Respicius. Jicho moja bado zima.