Askari Sita wa Kumzuia Baba

Jumatatu, 4 Machi

Baba anahama. Ametuambia mezani, kwa sauti ile anayotumia kumweleza mteja kwamba cherehani chake hakitengenezeki tena. Amepata chumba karibu na karakana yake. Yeye na Mama wamekubaliana. Hakuna aliyemkosea mwenzake, wamechoshana tu. Kaka ametikisa kichwa kama mtu mzima. Mimi nimeuliza kuhusu sataranji yetu, kwa kuwa tumeianza juzi. Baba amesema hawezi kuniachia mchezo nusu. Tumalize kwanza, ndipo aondoke.

Basi mchezo hautaisha.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu wa hesabu ameniazima kitabu chake cha michezo ya mabingwa wakuu. Aliuliza nataka kumshinda nani. Nilisema sitaki kumshinda mtu, nataka kutoshindwa kwa muda mrefu. Akanielekeza sura ya tisa: hatua za mwisho, kete zikishabaki chache.

Nimeisoma yote. Kuna bingwa aliyebaki na mfalme na ngome tu, akawasumbua watu saa saba. Kuna kanuni pia. Hatua hamsini zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezo ni sare. Nimemwomba Baba tucheze hatua moja kwa siku, baada ya chakula, ili tufikiri vizuri. Amekubali.

Hesabu yangu: kila siku ya arobaini na tisa namsogeza askari mmoja, kuhesabu kunaanza upya. Nina askari sita. Baba atakuwa hapa karibu mwaka mzima, na hapo kila askari nimempa hatua moja tu.

Jumatano, 6 Machi

Tatizo. Baba hajui kucheza. Ameweka malkia wake mshazari mbele ya askari wangu, mdomoni kabisa. Nimejifanya sikuona. Nimesogeza mfalme wangu nyumba moja kushoto, bila sababu yoyote.

Kaka akauliza kama nimepofuka. Yeye anataka kochi, ambalo Baba amekuwa akililalia tangu mwaka jana, ili atazamie mpira amejinyoosha. "Mle huyo malkia, we vipi?" Nikamjibu kwamba mabingwa hawana pupa. Akasema hata kuku hukubali punje iliyotupwa mbele yake.

Alhamisi, 7 Machi

Malkia bado yuko palepale. Baba amesogeza farasi, na bila kujua amebakiza hatua moja anifunge mati, mfalme wangu akose pa kukimbilia. Nimetoka jasho. Nimeziba kwa ngome yangu nzuri. Kaka amecheka mpaka akakaa chini. Hajawahi kuona watu wawili wanaogombania kushindwa.

Asubuhi Mama alikuwa akigawa vyombo. Vijiko vitatu huku, vitatu kule. Akabaki na mwiko mmoja mkononi, akauweka huku, akauhamishia kule, akaurudisha. Nilimwambia asiharakishe, bado kuna hatua nyingi.

Nimepata dawa. Baba afundishwe. Akicheza vizuri, mchezo utadumu. Nimempa kitabu aende nacho karakana.

Ijumaa, 8 Machi

Baba amerudisha kitabu kikiwa na doa la mafuta ya cherehani ukurasa wa arobaini. Amesoma michezo kumi na miwili. Akaniuliza mbona hakuna hata mmoja uliofika mati.

Nilifurahi. Ni swali la mtu aliyesoma. Nikamweleza kwamba bingwa akiona mambo yamekwisha hasubiri kufungwa. Humlaza mfalme wake, akampa mwenzake mkono. Kung'ang'ania ni kumvunjia heshima aliyekaa mbele yako. Baba akasema ndiyo, hata yeye ameona hivyo. Akauliza kama inauma. Nikasema kitabu hakisemi.

Kisha akamlaza mfalme wake.

Nikamweleza kwamba tulikuwa sawa kwa sawa. Nikamwonyesha kete moja moja. Nilikuwa nimejitahidi sana tuwe sawa.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nimekuona ukijitahidi."

Akanyoosha mkono. Nimefundishwa kwamba mkubwa akikunyooshea mkono, huuachi hewani. Nikaupokea. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, hafuti kitu.

Jumapili, 10 Machi

Baba amehama jana. Kaka alimbebea sanduku la vifaa na hakutania hata mara moja. Aliporudi alikaa kwenye kochi, akawasha runinga, akaizima, akaenda chumbani kwake.

Nimeupitia mchezo wote na kosa nimelipata. Nilicheza mimi. Anayepaswa kukaa mbele ya Baba ni Mama. Watu wawili walio katikati ya mchezo hawaachani.

Nimeanza kumfundisha leo mchana. Nimeanzia sura ya tisa kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Wafalme wawili peke yao ubaoni, hawaruhusiwi kukaribiana, lazima nyumba moja ibaki katikati yao. Mama aliutazama ubao muda mrefu, kisha akaomba nimwonyeshe farasi badala yake. Farasi nimemrudia mara nane. Mara saba hakuelewa. Mara ya nane alinishika kichwa akasema mimi ni mtoto mzuri, jambo ambalo halihusiani na farasi.

Kwa mwendo huu atakuwa tayari baada ya wiki sita. Nimemtumia Baba ujumbe asipange kitu Jumapili ya tarehe 21 Aprili, aje acheze na Mama.

Amejibu kwamba atakuja kunitembelea mimi.

Nimelihesabu jibu hilo kuwa ndiyo.