Dawa kwa Waliofaulu

Wa mabondeni na wa milimani wasikie: tangu Jumatatu, presha imeshuka wilaya nzima. Ndivyo alivyotangaza Ntate, yaani Bwana, Ramakatsa, Mkurugenzi wa Ushushaji Presha, mlangoni mwa zahanati ya Ha Sekoati, mbele ya foleni ya wagonjwa na wageni waalikwa wa sherehe yake. Njia yake nyepesi: dawa wapewe wale tu ambao presha yao iko sawa. Wenye presha ya juu wanachafua takwimu, basi warudi nyumbani wakajirekebishe kwanza.

Nkhono Mathabang, yaani Bibi Mathabang, mwenye wajukuu wa kulea, alikuwa ameshuka mlima kwa miguu, blanketi mabegani. Vidonge vilimwishia zamani, na kichwa kilimgonga kama mchi kinuni. Nesi Limpho alimpima, akaguna.

"Iko juu, Nkhono. Sina ruhusa."

"Iko juu kwa sababu sina dawa, mwanangu."

"Najua. Ikishuka, njoo uchukue."

"Ikishuka, dawa nitaitakia nini?"

Foleni ikacheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Nkhono, mtihanini mtu hafaulishwi kwa huruma. Aliyeanguka hupewa zawadi?"

"Dada yangu alianguka kweli, Ntate. Upande mmoja umepooza mpaka leo."

Wageni waalikwa wakapiga makofi upesi ili hotuba iishe, maana harufu ya kondoo wa karamu ilishaanza kutoka nyuma ya zahanati. Mkurugenzi akakunja mkono wa shati.

"Nipime mimi, waone mfano."

Limpho akampima. Akampima tena. Akaenda kufungua dirisha.

"Mia mbili na kumi, Ntate."

"Mashine mbovu hiyo!"

"Ndiyo iliyomkataa Nkhono."

Jasho likamtoka. Akashika kisogo, akajibwaga benchini, akanong'ona, "Nipe kidonge."

"Sina ruhusa, Ntate. Unachafua takwimu."

"Mimi ni mkurugenzi!"

"Basi unachafua zaidi," alisema Nkhono, akimsogezea nafasi akae vizuri.

Hapo hapo benchini sera ikafutwa, bila kikao wala posho, kwa mamlaka ya maumivu ya kisogo.

"Wapewe! Wapewe wote!"

Limpho akafungua kabati. Mkurugenzi akanyoosha kiganja. Nesi akampita, akamwekea Nkhono vidonge vyake, akaendelea na wa pili. Nje, wageni walishaanza kula, na mkurugenzi, mgeni rasmi wao, hakuna aliyemkumbuka.

"Na mimi je?"

Nkhono akameza, akafuta mdomo kwa pindo la blanketi.

"Sisi tumefika jua halijachomoza, Ntate. Wewe uko nyuma ya yule mwenye fimbo, pale mwisho wa foleni."