Kiingereza Safi Ukweni Usenge

Mtaa mzima wa Nyalenda hapakuwa na mtu wa kunishinda Kiingereza! Chuo kikuu kilinitema mwaka wa pili, ndiyo, lakini vile vijineno vyake, in, on, at, to, nilitoka navyo vyote mfukoni. Anyango wangu akinipigia kelele stendi, "I am waiting you!" namsahihisha kwanza, "Waiting FOR!" ndipo namkumbatia.

Mwaka wa themanini na saba nikaenda kwao Usenge kumposa. Nilimchukua Opiyo, fundi baiskeli, awe jagam, yaani mshenga wa kunisemea.

"Bwana," akanionya njiani, "ukweni mwenye kuoa hafungui mdomo. Wewe inamisha kichwa tu. Kelele niachie mimi."

"Kwani mimi ni mtoto?"

Baba yake Anyango, Mzee Zadock, hakuwa ametuona hata siku moja. Wageni wa mjini! Akakitoa Kiingereza chake kama mtu anayetoa suti ya Krismasi.

"I am married with Mama Dorca..."

Nikakohoa. Opiyo akanikanyaga mguu.

"...and today we discuss about cows."

Mbavu zikaniwasha! Nikasimama wima, kidole juu. "Mzee, samahani! Married TO! Na discuss haitaki about, inatembea peke yake kama kiboko dume!"

Hata kuku wa kutuchinjia wakaacha kudonoa. Opiyo akainamisha kichwa.

Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaangua kicheko.

"Aa, sasa nimeelewa! Huyu mropokaji ndiye jagam. Na huyu mpole ndiye mkwe wangu. Angalieni adabu! Mama, mletee kiti chenye kitambaa!"

"Mzee, hapana, mimi ndiye..."

"Jagam, keti! Anyango! Njoo utuambie, si ndiye huyu?"

Anyango akamtazama Opiyo aliyeinama. Akanitazama mimi, kidole bado kiko hewani.

"Ndiye, Baba."

Ala! Nikamfuata mbio hadi jikoni. "Anyango, unafanya nini?"

"Napumzika," akasema, huku akipakua ugali. "Huyu hajawahi kunisahihisha hata salamu."

Na Opiyo, Yuda yule, hakuinua kichwa mpaka tunaaga. Kama ilikuwa aibu au kicheko, hadi leo sijui.

Siku ya harusi Mzee Zadock akasimama mbele ya kanisa, kifua mbele. "My daughter is now married with Opiyo!"

Kanisa zima likanigeukia.

Nikainamisha kichwa, chini kabisa, kama mkwe mwema.