Lalamiko Dhidi ya Wema Ulioninenepesha Kilo Ishirini na Tatu

Mheshimiwa Mlezi wa Wanafunzi,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na nakala nne za ziada za salamu hizo hizo, kama unavyoagiza Utaratibu Mpya wa Malalamiko uliobandikwa na ofisi yako kwenye mbao zote za matangazo. Utaratibu unasema kila lalamiko liandikwe nakala tano, na mlalamikaji mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, azipitishe zigongwe muhuri kwa msimamizi wa bweni, kliniki, ofisi ya kitivo na masjala, kabla ya kuzifikisha kwa katibu muhtasi wako, ghorofa ya tano. Nimeusoma mara mbili nikitafuta uonevu ndani yake. Sikuuona, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika idara ya sayansi ya siasa. Wenzangu wananiita Kipaza, kwa kuwa sijawahi kuhitaji kipaza sauti. Mtangulizi wako ananikumbuka vizuri. Yule alikuwa dhalimu aliyekamilika: alifunga lango kuu bila taarifa, alijibu barua zetu kwa ukimya, na siku moja alitutangaza kuwa ni kundi la wapiga kelele wasio na ada wala adabu. Siku alipoondoka madarakani nilikuwa na kilo sitini na nane, kwa mizani ya duka la dawa. Leo, baada ya mwaka mmoja na nusu wa uongozi wako wa haki, usikivu na busara, nina kilo tisini na moja. Kwa hiyo nakulalamikia rasmi: umeninenepesha.

Naomba usicheke. Naomba pia usikubali haraka, maana hiyo ndiyo tabia yako, na ndiyo hasa ninayoilalamikia. Hoja zangu ni hizi.

1. Maji. Enzi za mtangulizi wako, pampu ilikuwa imekufa na hakuna aliyeizika. Kila asubuhi nilibeba ndoo mbili kutoka kwenye tangi la nyuma ya maktaba hadi ghorofa ya nne, nikipumzika kila ghorofa ili kuwahutubia wenzangu juu ya ndoo hizo. Wewe uliitengeneza pampu katika wiki yako ya pili. Hukuunda tume wala hukuomba muda. Sasa maji yananifuata kitandani kama mgonjwa, na ndoo zangu nimewekea nguo.

2. Vikao. Mtangulizi wako alizungumza nasi langoni, sote tumesimama, jua likituchoma sawasawa. Wewe unatuketisha kwenye viti vyenye mito, unatuletea chai ya maziwa, keki na biskuti, kisha unauliza: "Niambieni wanangu, tatizo liko wapi?" Mheshimiwa, katika kikao cha taa za korido nilikuja na madai kumi na moja. Ulikuwa umekubali tisa kabla sijamaliza kipande cha kwanza cha keki. Nilibaki na hasira nzima na madai mawili, nami hasira hiyo niliimaliza kwa biskuti.

3. Mgomo wa kutokula. Hili linaniuma kuliko yote. Muhula uliopita nilitangaza mgomo wa kutokula hadi kifo kuhusu saa za kufungua maktaba. Ulianza saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na dakika arobaini ulikuja mwenyewe, ukaketi nasi kwenye ngazi, ukakubali kila kitu, na ukaagiza tuletewe mayai na mkate. Nilikuwa nimekwisha kunywa chai saa moja na nusu, nikijiandaa kwa safari ndefu ya njaa. Hivyo mimi ndiye mgomaji pekee katika historia ya harakati aliyetoka kwenye mgomo wa kutokula akiwa ameshiba mara mbili.

4. Dirisha la pili la bwalo. Zamani foleni ilikuwa ndefu, nami niliitumia kama darasa. Nikifika dirishani, chakula kimekwisha, lakini watu wameamka. Tangu ulipofungua dirisha la pili, foleni imekufa na hotuba yangu imekufa nayo. Tena kwenye dirisha hilo anakaa yule mpishi mkuu ambaye tulimpigania alipokaribia kufukuzwa. Ninapojaribu kuondoa mkono, anaivuta sahani yangu. "Wewe ndiye uliyetutetea, mwanangu. Usinionee haya, lete." Anapakua, ananitazama usoni, anapakua tena. Nimesoma nadharia nyingi za mapinduzi. Hakuna hata moja iliyonionya juu ya shukrani za mpishi.

5. Mizani ya kliniki. Ile ya zamani ilikwama kwenye sitini na tano. Ukipanda mnene, sitini na tano; ukipanda mwembamba, sitini na tano; muuguzi akisahau mkoba wake juu yake, sitini na tano. Ulikuwa usawa wa kweli, labda wa pekee tuliowahi kuupata chuoni hapa. Wewe ukanunua mpya, inayosema ukweli, na inausema kwa tarakimu nyekundu.

Ni mizani hiyo iliyonifikisha mbele ya muuguzi, mwezi uliopita, nilipokwenda kutafuta dawa ya kichwa. Nilianza kumweleza mazingira ya kijamii yanayozalisha maumivu ya kichwa. Akaniambia, "Kijana, leo sitaki hotuba. Panda." Nikapanda. Akanifunga kitambaa mkononi, akapima presha, akapima tena. Kisha akasema nishuke chini ya kilo sabini na tano, la sivyo nitaanza vidonge nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na vidonge hivyo havina mahafali. "Na usiniletee mambo ya wiki mbili," akaongeza. "Tafuta kitu utakachoweza kukifanya hata ukiwa mzee."

Usidhani sijatafuta. Nimepitia tawala nyingi za mlo katika mwezi mmoja kuliko nchi inavyopitia katika karne. Nilianza na supu ya kabichi, asubuhi, mchana na jioni. Utawala huo ulidumu siku tatu, ukapinduliwa na mkate. Ukafuata utawala wa kutokula kitu baada ya saa sita mchana; nao ulinifundisha kwamba binadamu akipewa muda maalumu anaweza kula chakula cha siku nzima kabla ya kipindi cha pili. Nikajaribu maji ya uvuguvugu yenye limau, ambayo yaliniongezea hamu ya kula na ukali wa maneno. Nikajaribu kutafuna kila tonge mara arobaini. Hilo lingefaa kama ningekuwa mtu wa kunyamaza mezani, lakini kila nilipofika mara ya kumi na mbili mtu alisema jambo lililohitaji kujibiwa, na hesabu ikaanza upya. Kuna siku nilikaa bwaloni hadi wakaanza kugeuza viti.

Wakati wote huo, mwenzangu wa chumbani, ambaye tunamwita Mifupa, anakula sahani tatu, analala, anaamka akiwa mwembamba kuliko alivyolala. Nimemwomba mara mbili tugawane matokeo kwa misingi ya haki. Amejibu, "Kaka, mimi nagawa chumvi tu."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo huwa silisemi jukwaani. Mama yangu ni fundi cherehani. Marehemu baba alikuwa mwalimu mkuu. Alianguka mbele ya darasa akiwa na miaka hamsini na mmoja, chaki mkononi. Aliacha suti moja ya kijivu, ambayo mama aliishona kwa mikono yake, na kwa miaka tisa imening'inia kabatini ikingoja mahafali yangu. Mwaka jana niliivaa, ikakataa kufunga. Mama akafumua mshono wa pembeni, akaongeza. Likizo hii nikaivaa tena, ikakataa tena, akafumua tena. Mara ya tatu aliigeuza suti ndani nje, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuongezea. "Mwanangu, nguo imeisha," akasema. "Hapa palipobaki ni uzi." Akaitundika. Alipokwisha kuitundika ndipo aliposema, bila kunigeukia, "Baba yako naye alianza kwa kifungo kimoja."

Mheshimiwa, nimejibu maprofesa, nimejibu polisi, nimemjibu mtangulizi wako. Hilo nililijibu kwa kuokota nyuzi sakafuni. Mahafali ni baada ya wiki kumi na moja.

Kwa msingi huo, na baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mlo ulionidumia zaidi ya siku tatu, ilhali udhalimu ulinidumia miaka miwili bila kilo hata moja kuongezeka, naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo:

(a) Ifunge lango kuu mara mbili kwa wiki, bila sababu, ili tuzunguke kwa lango la nyuma.

(b) Isijibu barua yoyote kwa muda usiopungua wiki tatu, na ikijibu, ijibu swali jingine.

(c) Inikatalie jambo. Lolote. Nipo tayari kupendekeza mambo yasiyo na maana ili kazi ya kukataa iwe nyepesi.

(d) Iharibu pampu. Kama dhamiri yako hairuhusu, waagize mafundi waihudumie tu. Matokeo ni yale yale.

(e) Inikashifu hadharani kwa kiasi, ikiwezekana kila Jumatatu, maana nikikashifiwa Jumatatu huwa sili hadi Jumatano.

(f) Inisimamishe masomo kwa siku kumi na nne kwa kosa la kutunga, nami naapa kuandamana kila siku peke yangu kutoka bwenini hadi utawala na kurudi.

(g) Iunde Kamati ya Kudumu ya Uonevu wa Kadiri, yenye wajumbe wenye uzoefu. Mtangulizi wako amestaafu lakini bado ana nguvu, na nimesikia anachoka kukaa nyumbani. Namwombea nafasi ya uenyekiti.

Najua utasema kwamba haki ni ya wote, na unene ni wangu peke yangu. Nakukumbusha kwamba uongozi unaoshibisha wapinzani wake umefanya jambo ambalo risasi hazijaweza. Tulikuwa ishirini na wawili katika kamati ya harakati. Leo tukiketi kwenye benchi lile lile tunatosha kumi na sita. Sauti zetu ziko palepale, pumzi ndiyo imepungua. Wiki iliyopita nilianza kauli mbiu chini ya ngazi na nikaimalizia ghorofa ya pili, baada ya kuketi. Ukiendelea kutusikiliza hivi, Mheshimiwa, utatumaliza.

Kwa haki lazima niseme kwamba lipo jambo moja ambalo hujalitengeneza: lifti ya jengo la utawala. Imekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu tangu enzi zile. Kwa hilo nakupongeza kwa dhati, na nakusihi usiyumbe.

Nisalimie walinzi wote wa lango kuu na uwaambie nimekumbuka kufokewa nao. Msalimie pia mhasibu, dereva wako, mtunza bustani anayeshinda akikata majani tunayoyakanyaga, na mpishi mkuu, ingawa huyo nitamsalimia mwenyewe saa saba mchana, kwa hofu.

Wako katika mapambano na katika suruali ya kuazima,

Kipaza
Bweni la Tatu, ghorofa ya nne

Baada ya kuandika: Naongeza maneno haya wiki saba baadaye, nikiwa kwenye benchi la nje ya ofisi yako, kwa kuwa barua bado haijakufikia. Msimamizi wa bweni aligonga muhuri juu ya tarehe, kliniki wakanirudisha. Kitivo walitaka nakala ya tatu iwe na sahihi ya wino wa bluu. Masjala, ambayo iko ng'ambo ya uwanja wa mpira, ilifungua saa nne na kufunga saa tano. Kila nilipomfikia katibu muhtasi wako, ghorofa ya tano, nikihema, alizipitia kurasa kwa upole na kusema, "Pole, Kipaza. Hapa pamekosekana kitu, rudi kitivo mwanangu." Nimeenda mara thelathini na nne. Nimehesabu ili nikushtaki.

Jana nilipeleka nakala ya nne kliniki. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani kabla ya kugonga muhuri: themanini na nne. Presha imeshuka. Nilipomuuliza imekuwaje, nami tangu nianze kuandika barua hii sijashika mlo wowote maalumu, akagonga muhuri wake taratibu na kusema, "Ukifika ghorofa ya tano, mwambie dadangu bado kilo tisa." Mimi, niliyewahi kuona njama hata katika ratiba ya mitihani, hii nilipita ndani yake mara thelathini na nne, nikigongewa mihuri.

Mama ameleta suti. Kifungo cha chini kimekubali. Cha juu bado kiko kwenye mazungumzo, ila mama amekaa nacho muda mrefu akikipapasa, kisha akaniuliza ninakula nini siku hizi. Nikamwambia ninapeleka barua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nafuta hoja zote tano na maombi yote saba. Kama barua hii imekufikia, naomba uipoteze. Muuguzi aliniagiza nitafute kitu nitakachoweza kukifanya hata nikiwa mzee, nami nimekipata. Barua ya pili nimekwisha kuianza, nakala tano. Inamhusu fundi niliyemkuta leo asubuhi chini ya jengo lako, akifungua mlango wa lifti.