Jirani wa Juu Arudishe Nyuzi za Utumbo

Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Ni mimi, fundi cherehani wa chumba cha chini, ninayekaa na baba yangu mzazi. Najua umechoshwa na barua za wapangaji wanaolalamikia kelele. Hii siyo ya aina hiyo. Mimi kelele nazitaka. Ninachodai ni kurudishiwa zile za zamani.

Jirani wa juu, tunayemwita Kabati, hupiga besi, ile fidla kubwa inayomzidi mtu kimo. Akiipandisha ngazini sote tunabana ukutani. Kwa miaka minne alitumia nyuzi za utumbo wa kondoo. Mwezi uliopita akazing'oa, akafunga za chuma, bila kutushirikisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu imevurugika. Uzi wa utumbo ukiguswa husema "dum" ukanyamaza, nami nakanyaga cherehani hapo hapo. Wa chuma husema "duuuung", na mguu wangu unabaki hewani kuungoja umalize. Juzi nilimshonea karani wa posta suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alipoijaribu akaniuliza, "Fundi, kwani mimi nachechemea?"

2. Hili ndilo linaloniuma hasa. Baba hasikii tangu miaka yake ya mwisho kiwandani. Muziki uliombakia ni wa ukutani: kila alasiri alisogeza kiti, akabandika viganja ukutani, akatabasamu kama mtu anayepokea salamu. Tangu nyuzi zibadilishwe, hataki tena kuugusa ukuta. Saa ya muziki ikifika tu, anavaa kofia na kuniambia anakwenda kuota jua. Mama, hata siku za mvua.

3. Usidhani nimekurupuka. Nilipanda juu, nikamwomba Kabati anipigie nyuzi za kila aina, nikazipima kwa kidole na sikio kama ninavyopima vitambaa. Wa chuma ni mwembamba, wa baridi, unakata kidole. Sauti yake inang'aa kama satini, na upinde ukiugusa tu unaitika. Wa nailoni ni laini, lakini sauti yake ni ya bitana, haijui kama iko ndani au nje. Wa utumbo ni mnene, una nywelenywele, unataka mkono wa mwashi. Sauti yake ni blanketi. Kabati mwenyewe alikiri: "Za utumbo nazipenda, dada, ila hali ya hewa ikibadilika zinalegea." Mama, ni wapangaji wangapi humu hulegea hali ya hewa ikibadilika, na hujawafukuza?

4. Kwa hiyo naomba mkataba uongezewe kifungu kwamba nyuzi ziwe za utumbo, nami niruhusiwe kuzikagua kila Jumatatu. Akikaidi, naomba ukuta wetu ubomolewe, ujengwe mwingine wa blanketi.

Nisalimie wajukuu wote, dada yako wa ghorofa ya tatu, na yule fundi bomba uliyeahidi kumtuma mwaka jana; mwambie hatujamsahau.

Wako mtiifu,
Fundi wa Chumba cha Chini

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilimpa baba aisome barua hii. Amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Kumbe nyuzi za chuma alizichagua yeye! Alimwandikia Kabati kwenye karatasi kwamba za utumbo zinamgusa na kuondoka kabla hajazishika, lakini za chuma zinakaa viganjani, anaufuata wimbo mpaka mwisho. Na hilo jua analoota liko chumbani kwa Kabati: kila alasiri huiegemea besi yenyewe, shavu na viganja, mwenzake akipiga. Walinificha kwa sababu nimemkataza kupanda ngazi tangu magoti yaanze kumsumbua. Leo nimemshika mkono tukapanda pamoja. Nimeweka kiganja karibu na chake, nimefumba macho, na sikutaka uzi ule unyamaze. Ikiwa mpangaji yeyote atakuandikia kulalamikia nyuzi za chuma, tafadhali usimsikilize. Hajui asemalo.