Uwanja Unaniharibia Somo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

KUHUSU: KUKATAA KUBADILI ALAMA ZA PANZI, PAMOJA NA OMBI LA KUFUNGA UWANJA

Mama, pokea kwanza heshima zangu, nikiwa nimekaa. Ningesimama, lakini barua yenyewe ni ndefu.

Jana saa nne, walimu wenzangu wakiwa na vikombe vya chai mkononi na masikio yakiwa wazi, uliniagiza mambo mawili. La kwanza, Kidato cha Pili B nimwachie mwalimu mpya. La pili, ifikapo Ijumaa mchana niwe nimebadili alama za mwaka jana za Elimu ya Viungo za yule binti wa darasa hilo wanayemwita Panzi, zitoke kumi na moja zifike hamsini. Ulieleza kwamba fomu ya mashindano ya shule zote haimpokei mwanafunzi aliyefeli somo hilo, na kwamba bila hamsini mtoto huyo haruki.

Nimekusikia. Nimekunywa maji. Sasa najibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningelia mbele za watu. Nakataa, na sababu zangu ni hizi:

1. Nimefundisha mazoezi miaka kumi na tisa, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuteguka hata kidole. Nitajie mwalimu mwingine mwenye sifa hiyo! Siri ni kwamba hakuna aliyewahi kutoka nje. Somo langu ni ubao, chaki na daftari. Naandika: "Pushapu: lala kifudifudi, mikono sambamba na mabega." Wananakili. Nauliza kama kuna swali. Hakuna. Tunaingia sura ya sarakasi. Mwanafunzi wangu bora wa kuogelea alipata tisini na sita, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya beseni. Vipindi vyangu vikiombwa na mwalimu wa hesabu, natoa kwa roho safi. Nimetoa vingi mno, hata ananiita mfadhili.

Najua wanafunzi wananiita Kiti. Sijakasirika. Wewe mwenyewe, Mama, uliwahi kuniita hivyo mkutanoni kwa bahati mbaya, nami nikaitika.

2. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji, tangu huyu mgeni aje, nazidi kuugua. Mwalimu mpya, ambaye watoto wamekwishambatiza Bi Filimbi, aliripoti na raba miguuni, kamba begani na nguzo mbili kwapani. Nikadhani ni fundi wa kuanika nguo. Wiki hiyohiyo akawaazima watoto wa Pili B, akawatoa nje. Wakarudi wametota jasho, wanacheka, na mmoja akaegemeza mkono wake uliolowa kwenye daftari langu la maelezo, ukurasa wa mbio za kupokezana vijiti. Ukurasa huo sasa hausomeki, na mimi sikumbuki umeandikwa nini. Huo ndio ukweli, na unauma.

3. Siku ya tatu nilikuwa nafundisha darasa jingine sura ya kukimbia. Darasa zima limegeuza shingo dirishani. Nikagonga ubao. Nikagonga tena. Mwishowe nikaenda dirishani na mimi, si kwa kupenda, bali ili nijue wanachotazama nikikemee vizuri. Kamba ilikuwa imefungwa usawa wa kidevu cha Bi Filimbi, na nyuma yake godoro kuukuu la bwenini. Panzi akaja mbio kutoka pembeni, akageuka mgongo hewani, akapita. Jina hilo nilikuwa nadhani amepewa kwa ajili ya wembamba wa miguu. Mama, nilitazama kwa makini ya kitaalamu, na sikuona hata hatua moja kati ya zile tano za kuruka juu ninazofundisha. Mtu mwenye alama kumi na moja ameruka bila kufuata utaratibu wowote. Tukikaa kimya hapa, kesho watu watazaa bila kusoma baiolojia.

Baada yake akaja kiranja wa Pili B, mwenye tisini na nne. Huyo ndiye mwanafunzi! Alikimbia kama nilivyoandika, akafika kwenye kamba, akasimama kukumbuka hatua ya nne, akainama, akapita chini. Wenzake walivunjika mbavu. Mimi nilijivunia, kwa sababu hatua tatu za kwanza hakukosea hata moja.

4. Sasa nikimpa Panzi hamsini, tutaishia wapi? Fuatana nami taratibu. Kesho atasimama mtu aseme alama zifuate vitendo. Kesho kutwa yule wa tisini na sita atapelekwa kwenye maji ya kweli aogelee. Atazama. Nitaitwa mimi, mwalimu wake. Nitalazimika kujitosa, na mimi kuogelea sijui, ninayo maelezo tu. Nitazama na maelezo mkononi. Shule itapoteza mwanafunzi, mwalimu na daftari pekee la somo, kwa siku moja, na kisa ni binti mmoja kuruka kamba ya kuanikia.

5. Hata nyumbani maji yamenifika shingoni. Mke wangu ni mshonaji, na mwezi huu amezipanua suruali zangu kwa mara ya tatu. Amesema kitambaa cha akiba kimekwisha, na kwamba safari ijayo ataongezea kipande cha pazia, nichague rangi mapema. Juzi, sijui alikuwa na lengo gani, akaniuliza kazini nafundisha nini hasa. Nikamjibu, mazoezi. Aliweka mkasi chini kwanza ili asijikate, ndipo akacheka. Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akasema kinyozi angalau ana wembe.

6. Sababu hii ya sita sikutaka kuiandika, lakini kalamu imeshafika. Maelezo yangu si yangu. Niliyanakili kwa mwalimu wangu, na yeye sijui aliyanakili kwa nani. Nilipokuwa na umri wa hawa watoto, siku za michezo mimi nilikuwa wa kushikilia mashati ya wenzangu. Wakikimbia, nashika. Wakirudi, nagawa, kila mtu na lake, bila kukosea. Kisha ukaja mtihani wa kuandika, nikapata themanini na tisa, nikawapita wote waliokuwa wakinipa mashati. Ndizo alama pekee nilizowahi kupata kwa jambo lolote linalohusu mwili huu. Ukimpa hamsini mtoto aliyeruka tu, basi zile themanini na tisa zilikuwa za nini? Naona aibu kukuuliza, ila nakuuliza.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Uwanja ufungwe, upangwe madawati, uwe darasa langu la pili.

(b) Filimbi ikae kwenye droo yako na itolewe kwa barua ya maombi iliyopigwa muhuri.

(c) Mashindano ya shule zote yafanyike kwa maandishi. Shule zitumiane karatasi kwa posta, na atakayeeleza vizuri zaidi namna ya kuruka ndiye atangazwe kuwa ameruka juu zaidi. Kombe nalo lielezwe tu, si lazima litolewe.

(d) Kumi na moja za Panzi zibaki kumi na moja. Akitaka kuruka, na arudi Kidato cha Kwanza ajifunze zile hatua tano.

Usije ukadhani nina chuki na mtoto wa watu. Nasahihisha kwa haki. Natafuta maneno muhimu niliyoyaandika ubaoni. Yakiwepo natia vema, yasipokuwepo natia kosa, na sipotezi muda kusoma kilichobaki. Kwa njia hiyo namaliza madarasa manne kabla chai haijapoa. Karatasi yake ya mtihani naiambatanisha hapa kama ushahidi, ujionee mwenyewe.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, mpishi na wasaidizi wake wote. Mwalimu wa hesabu mwambie kipindi cha Alhamisi bado ni chake. Hata Bi Filimbi msalimie, lakini kwa mbali.

Ndimi niliyekaa imara katika ujenzi wa miili ya taifa,

Mwalimu wa Elimu ya Viungo
(Kiti)

N.B. Mama, nilipokwisha kusaini nilifungua kabati nitoe hiyo karatasi ya Panzi. Kwa kuwa unakuja kuisoma wewe, nikaona si vibaya na mimi niisome. Swali la tano, lenye alama arobaini, linasema: "Eleza hatua za kuruka juu." Binti ameandika hivi: "Mwalimu, kwa maneno zinanipotea. Lakini ukitoka nje dakika moja tu, nitakuonyesha zote."

Chini yake kuna wino mwekundu, na mwandiko ni wangu. Nimeandika: "Hujajibu swali. Sifuri."

Ni miezi saba sasa. Katika miaka yote hii hakuna mtoto mwingine aliyewahi kuniita niende nje, na huyu aliyeniita nilimpa sifuri.

Nimesahihisha upya. Swali la tano amepata arobaini zote, kwa kuwa alijibu na dirishani nilimwona kwa macho yangu. Ukijumlisha na zile kumi na moja, ni hamsini na moja, na sikumpendelea. Fomu nimeisaini, iko chini ya barua hii. Pili B mpe Bi Filimbi. Barua yenyewe ifanye utakavyo.

Kipindi cha sita leo usinitafute darasani. Nilimfuata Panzi nikamwambia ile dakika yake naitaka, ila nimechelewa sana. Akasema, haidhuru Mwalimu, ataishusha kamba, tutaanzia chini.