Rasta za Bi Harusi Kwenye Ndoana

Jumatatu, 19 Januari, Gando
Nimevumbua! Samaki hataki dagaa, anataka pambo. Mke wangu Mwatum ni msusi. Kabatini ana pakiti kumi za rasta za zambarau za kumsuka Laila, anayeolewa Jumamosi. Zimeletwa kutoka Unguja, hapa Pemba hazipatikani. Nimechomoa shungi dogo kila pakiti, nikalifunga kwenye ndoana kwa uzi, juu yake chubwi, risasi ya kuzamishia mshipi, nililolipaka rangi ya kucha. Majini linacheza lenyewe! Mwatum hatajua. Hapimi nywele kwa mizani.

Jumanne, 20
Kolekole wawili! Jirani yangu Mmanga, babake Laila, kaambulia changu mmoja wa kutia huruma. Kaniuliza natumia chambo gani. Nikamwambia elimu. Baadaye nikamgawia vyambo sita, ajue nani fundi. Ilibidi nirudi kabatini mara mbili.

Jumatano, 21
Ama nimejiponza! Mmanga kapata nguru mrefu kama benchi. Kwa vyambo vyangu! Pwani nzima wanamsifu yeye. Mimi nimepata mwani. Nimerudi kabatini, safari hii nafunga vikubwa.

Ijumaa, 23
Balaa! Laila kasukwa upande wa kulia, rasta zimekwisha. Harusi kesho! Mwatum analia, anasema hakuna atakayemkabidhi tena kichwa cha mwanawe. Nikamshauri kwa upole kwamba bi harusi hujifunika mtandio, nusu inatosha. Kumbe kwenye sherehe ya wanawake hujifunua! Mwatum kaniita Bwana Vuai. Akiniita hivyo, kashajua. Nikakiri yote. Machozi yake yaliniuma, wallahi.

Nikaenda kwa Mmanga kichwa chini. Katazama vyambo vyake, katazama kichwa cha bintiye, kacheka mpaka kakaa chini. Sijapata kumpenda mtu yule kama leo. Tukajipanga barazani sisi wawili, tukafungua vyambo vyake na vyangu kimoja kimoja, tukaosha kwa sabuni na ndimu mara tatu. Mwatum kasuka mpaka magharibi. Rasta alizozitafuna nguru kaziweka kisogoni.

Jumapili, 25
Alhamdulillahi, harusi imepita. Wanawake wamemsifu Laila, na Mwatum keshapata maharusi wengine wawili. Mmoja tu aliuliza kwa nini chumba kinanuka pwani.

Mwatum kanisamehe. Kanifichia sahani ya biriani, nyama tupu. Mke gani huyu, jamani! Nimemwapia: nywele sigusi tena maisha yangu. Kafurahi, kanipa na kazi ya kuaminiwa. Kesho nirudishe joho la bwana harusi, lililoazimwa kwa shehe wa msikiti wetu.

Nimelikunjua nilipige pasi. Lo! Ukingoni mwote limetariziwa nyuzi za dhahabu, zinameremeta kama dagaa wabichi. Zimeingia hadi upindo wa ndani, usiotazamwa na mtu. Nimeshachukua wembe. Kiapo changu nakiheshimu, lakini uzi si unywele.